Kukokotoa Dozi Wodini Bila Kumdhuru Mgonjwa: Mwongozo Kamili kwa Wauguzi

Kanuni ya dozi kila muuguzi anaijua: chukua dozi iliyoagizwa, gawanya kwa kiasi cha dawa kilichopo, zidisha kwa ujazo wenye kiasi hicho. Mwanafunzi anaikariri mwaka wa kwanza na kuifaulu kwenye mtihani. Bado makosa ya dawa yanaumiza wagonjwa kiasi kwamba mwaka 2017, mjini Bonn, Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kimataifa ya kuyapunguza, na Septemba 17, 2022 likaifanya Siku ya Usalama wa Mgonjwa kuwa ya usalama wa dawa.

Kosa kwa kawaida haliko kwenye kugawanya. Limeshaingia kabla kalamu haijagusa karatasi: uzito uliokisiwa, lebo iliyosomwa kwa mazoea, mikrogramu iliyosomwa kama miligramu. Au linaingia mwishoni, pale jibu linapokubaliwa kwa kuwa tu limetoka kwenye kikokotoo cha simu. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye yale yanayotangulia hesabu na yanayoifuata.

Tutamtumia mgonjwa mmoja kwa sehemu kubwa: mtoto wa miaka 3, kilo 14, amelazwa na malaria kali katika wodi ya watoto ya hospitali ya wilaya. Dozi nilizotumia zinafuata miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Mwongozo wa matibabu wa nchi yako na utaratibu wa hospitali yako ndio unaotangulia, na toleo lake jipya liwe karibu na kabati la dawa, si ofisini kwa mganga mfawidhi.

Hatua ya 1: Pata uzito wa kweli

Kwa mtoto, uzito ndio mzizi wa kila hesabu. Hakikisha mizani inasoma sifuri, mvue mtoto nguo nzito na viatu, mpime, kisha andika kwa kilo pamoja na tarehe. Usichukue uzito wa kadi ya kliniki ya miezi miwili iliyopita; mtoto anayeharisha anaweza kupoteza uzito kwa siku chache.

Akija anadegedeka na hawezi kuwekwa kwenye mizani, kwa umri wa mwaka 1 hadi 10 unaweza kukadiria hivi: jumlisha umri na 4, kisha zidisha kwa 2. Mtoto wetu: (3 + 4) × 2 = kilo 14. Andika wazi kwamba ni makadirio, na mpime mara tu hali ikiruhusu. Kwa mtoto mwenye utapiamlo kanuni hii inazidisha, tena sana, kwa hiyo usiitegemee kwake.

Vichanga wana mtego wao. Wakunga huandika uzito wa kuzaliwa kwa gramu, dozi zinapigwa kwa kilo. Gramu 2800 ni kilo 2.8. Ibadilishe mara moja tu, uiandike juu ya chati, ili asije kila mtu wa zamu akaibadilisha upya kichwani saa tisa usiku.

Hatua ya 2: Soma agizo kana kwamba hukumsikia daktari

Agizo kamili lina jina la dawa, dozi yenye kizio chake, njia ya kutoa, mara ngapi, na kwa muda gani. "Jentamaisini 2 ml" si agizo, kwa sababu mililita 2 za vichupa viwili tofauti zinaweza kubeba miligramu 20 au 80. Lirudishe liandikwe kwa miligramu.

Angalia nukta. Sifuri ya nyuma ya nukta ni hatari: 5.0 mg ikififia nukta inasomwa 50. Sifuri inayokosekana mbele nayo ni hatari: .5 inasomwa 5. Andika 5 mg, andika 0.5 mg. Mikrogramu iandike kwa herufi zote, na "uniti" vilevile, maana herufi U iliyofuata 10 imeshasomwa kama sifuri na insulini ya uniti 10 ikawa 100.

Vizio vinapanda na kushuka kwa elfu: gramu 1 ni miligramu 1000, miligramu 1 ni mikrogramu 1000. Kidonge cha digoksini cha mikrogramu 250 ni miligramu 0.25. Leta kila kitu kwenye kizio kimoja kabla ya kugawanya chochote.

Agizo la simu liandike huku ukilisikiliza, kisha lisome lote kwa sauti daktari alisikie na kulithibitisha. Na kama dozi inakutia shaka, sema. Inatosha kusema: "Daktari, samahani, huyu ni kilo 14 na hapa nasoma miligramu 400. Naomba tuipige pamoja." Daktari mzuri atashukuru. Hata asiposhukuru, anayesukuma dawa ni wewe, na saini ni yako.

Hatua ya 3: Soma lebo ya kichupa ulichonacho mkononi

Usisome lebo ya kichupa cha jana. Zabuni zinabadilika, Bohari ya Dawa inaleta mtengenezaji mwingine, na dawa ileile inafika ikiwa na nguvu tofauti ndani ya boksi linalofanana.

Parasetamoli ya maji ni mfano mwepesi. Kwa mtoto wetu tunatoa miligramu 15 kwa kila kilo: 14 × 15 = 210 mg. Kama chupa ni ya miligramu 120 kwa mililita 5:

210 ÷ 120 × 5 = 8.75 ml

Kama ni ya miligramu 250 kwa mililita 5:

210 ÷ 250 × 5 = 4.2 ml

Mama akielekezwa kwa chupa ya kwanza kisha akanunua ya pili dukani, mtoto anapata zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo unapomruhusu mgonjwa, mwonyeshe mama mstari kwenye kikombe au bomba, na umwambie mililita hizo ni za chupa hii tu.

Jentamaisini, antibiotiki ya sindano, ni mfano mzito. Kichanga cha kilo 3, wiki ya kwanza ya maisha, anapewa miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku: 15 mg. Kwenye ampuli ya 20 mg kwa 2 ml (yaani 10 mg kwa kila ml) hiyo ni 1.5 ml. Kwenye ampuli ya 80 mg kwa 2 ml (40 mg kwa kila ml) ni 0.375 ml. Muuguzi aliyezoea ampuli ndogo akivuta 1.5 ml kutoka kwenye kubwa, kichanga anapata 60 mg, mara nne ya dozi, ya dawa inayoharibu figo na masikio. Ampuli zote mbili zina 2 ml. Kwa macho zinafanana.

Ukiwa na ampuli kubwa peke yake, izimue: vuta 2 ml zote, ongeza 6 ml za maji ya sindano au salaini ya 0.9%. Sasa una 80 mg ndani ya 8 ml, yaani 10 mg kwa kila ml, na kuvuta 1.5 ml ni rahisi kuliko kutafuta 0.375 kwenye bomba. Bandika kipande cha plasta kwenye bomba la kuzimulia na uandike jina la dawa na nguvu yake mpya.

Hatua ya 4: Kadiria kwanza, kokotoa baadaye

Kabla ya kushika simu, jiulize jibu linatakiwa liangukie wapi. Dozi ni ndogo kuliko kilichomo kwenye kichupa, au kubwa? Ni nusu? Ni robo? Ukishakadiria, kikokotoo kikikupa kitu cha mbali utashtuka. Asiyekadiria hashtuki.

Artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, kwa mtoto wetu. Chini ya kilo 20 dozi ni miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 kwenda juu ni miligramu 2.4. Kichupa kina 60 mg. Makadirio: 14 × 3 ni arobaini na kitu, kwa hiyo natarajia zaidi ya nusu ya kichupa na pungufu ya kizima.

14 × 3 = 42 mg

Kwa njia ya mshipa, unga unayeyushwa kwa 1 ml ya bikaboneti ya sodiamu inayokuja nayo, kisha unaongeza 5 ml za salaini au dekstrozi ya 5%. Jumla 6 ml, yaani 10 mg kwa kila ml:

42 ÷ 10 = 4.2 ml

Kwa njia ya msuli unaongeza 2 ml badala ya 5. Jumla 3 ml, yaani 20 mg kwa kila ml:

42 ÷ 20 = 2.1 ml

Dozi ni ileile, ujazo ni nusu. Kwa hiyo amua njia kabla ya kuyeyusha, kwa kuwa ukishaongeza 5 ml huwezi kuzitoa. Chati nyingi za ukutani za artesuneti hupandisha jibu hadi mililita nzima inayofuata, hivyo kwa kilo 14 kwenye mshipa utaona 5 ml. Hapo usidhani hesabu yako imekosewa. Fuata utaratibu uliokubaliwa wodini, na zamu zote ziufuate uleule. Dawa itumike ndani ya saa 1, inayobaki imwagwe. Inatolewa saa ya 0, ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku mpaka mtoto aweze kumeza, ndipo apewe dozi kamili ya dawa mseto ya malaria ya kumeza. Hata akizinduka baada ya sindano ya kwanza na kuomba uji, zile tatu za mwanzo lazima zikamilike.

Kuna jambo hapa linalowachanganya hata wazoefu. Mtoto wa kilo 19 anapata 57 mg, wa kilo 20 anapata 48 mg. Mzito zaidi anapewa kidogo, na ni sahihi, kwa sababu miili ya watoto wadogo huishia na kiwango kidogo cha dawa kwenye damu wakipewa kipimo cha wakubwa. Ukiona chati za watoto wawili zinapishana hivyo, usizisawazishe.

Jiwekee pia kengele: dozi moja ikihitaji vichupa, ampuli au vidonge zaidi ya viwili, simama uanze upya. Mara nyingine itakuwa sahihi (mtu mzima wa kilo 60 anahitaji 144 mg za artesuneti, yaani vichupa vitatu), lakini simama kwanza. Na dozi ya mtoto mnene isivuke ya mtu mzima: kijana wa kilo 70 kwa hesabu ya parasetamoli anafika 1050 mg, unampa 1000.

Hatua ya 5: Kumbuka kwamba unga nao una ujazo

Ukiweka 10 ml kwenye kichupa cha unga hupati 10 ml. Seftriaksoni (antibiotiki) ya gramu 1 ikiwekewa 9.6 ml za maji ya sindano inatoa takriban 10 ml, yaani 100 mg kwa kila ml. Kama mtoto wetu anashukiwa pia kuwa na homa ya uti wa mgongo na ameandikiwa 50 mg kwa kilo kila baada ya saa 12, ni 700 mg, sawa na 7 ml. (Usiichanganye wala kuipitisha pamoja na Ringa, maji ya dripu, kwa sababu ya kalisiamu iliyomo.)

Kwa seftriaksoni tofauti ni ndogo. Kwa benzailipenisilini, ile wengi tunaiita X-pen, si ndogo. Kichupa cha uniti milioni 1 kinataka 1.6 ml ili upate 2 ml zenye uniti 500,000 kwa kila ml kwa sindano ya msuli. Kichanga cha kilo 3 kwa uniti 50,000 kwa kilo anahitaji uniti 150,000, yaani 0.3 ml. Aliyeweka 2 ml kamili atapata 2.4 ml, na 0.3 yake itabeba uniti 125,000 tu. Kila dozi, siku zote za matibabu, itapungua kwa moja ya sita. Kiasi cha maji ya kuyeyushia kimeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Ibandike ukutani badala ya kuitupa.

Hatua ya 6: Matone ya dripu

Kanuni: ujazo kwa mililita, zidisha kwa idadi ya matone kwa kila mililita, gawanya kwa dakika. Idadi ya matone imeandikwa kwenye mfuko wa seti, yaani mpira wa dripu. Za watu wazima nyingi ni 20, nyingine 15. Soluseti, seti ya watoto yenye matone madogo, ni 60.

Lita 1 kwa saa 8, seti ya 20: 1000 × 20 ÷ 480 = 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Seti ya 15 ingekuwa 31.

Mtoto wetu anahitaji maji ya kawaida ya siku: kilo 10 za kwanza kwa 100 ml kila kilo, kilo 4 zinazobaki kwa 50 ml kila kilo. Jumla 1200 ml kwa saa 24, yaani 50 ml kwa saa. Kwenye soluseti, matone kwa dakika ni sawasawa na mililita kwa saa: 50. Kwenye seti ya 20 ni 50 × 20 ÷ 60, matone 17. Sasa soluseti ziishe stoo, mtu afunge seti ya watu wazima, na wa zamu inayofuata aendelee na "matone 50" aliyoyakuta kwenye chati. Mtoto anapokea 150 ml kwa saa, mara tatu. Kwa hiyo andika kwenye chati aina ya seti pamoja na matone, na kila saa tazama kiasi kilichoingia badala ya kuhesabu matone peke yake.

Hatua ya 7: Asilimia na uwiano

Asilimia ni gramu ndani ya 100 ml. Dekstrozi ya 50% ina gramu 50 kwa 100 ml. Sukari ya mtoto wetu imeshuka na unahitaji 5 ml kwa kilo za dekstrozi ya 10%: 70 ml. Kabatini kuna ya 50% tu. Chukua sehemu 1 ya dekstrozi na sehemu 4 za maji ya sindano: 14 ml na 56 ml. Hakiki: 14 ml za 50% ni gramu 7, gramu 7 ndani ya 70 ml ni 10%. Barabara.

Adrenalini ya 1:1000 ni gramu 1 ndani ya 1000 ml, yaani 1 mg kwa kila ml. Ya 1:10,000 ni 0.1 mg kwa kila ml. Mtoto wetu akipata mzio mkali anapewa 0.01 mg kwa kilo kwenye msuli: 0.14 mg, sawa na 0.14 ml za 1:1000. Tumia bomba la 1 ml.

Chumba cha kujifungulia kinastahili hesabu yake. Mama mwenye kifafa cha mimba anapewa kwanza gramu 4 za magnesiamu salfeti kwenye mshipa zikiwa na nguvu ya 20%. Ampuli ni ya 50%: 10 ml zina gramu 5, kwa hiyo gramu 1 ni 2 ml. Gramu 4 ni 8 ml. Ongeza 12 ml za maji ya sindano zifike 20 ml, utoe taratibu kwa dakika 5 hadi 20. Kisha gramu 5 kila tako, yaani 10 ml kila upande bila kuzimua, pamoja na 1 ml ya lignokeini (dawa ya ganzi) ya 2%. Baadaye gramu 5 kila saa 4 kwa kubadilisha matako. Kabla ya kila dozi: pumzi ziwe 16 au zaidi kwa dakika, goti lirushe likigongwa, mkojo usipungue 30 ml kwa saa. Kimoja kikikosekana, usitoe. Kalisiamu glukoneti, kiuasumu cha magnesiamu, 10 ml ya 10%, iwe kitandani kwa mama tangu mwanzo.

Hatua ya 8: Hesabu ya kurudi

Ukishavuta dawa, rudi kinyumenyume. Mililita zilizo kwenye bomba, zidisha kwa nguvu, gawanya kwa kilo. 4.2 ml × 10 = 42 mg; 42 ÷ 14 = 3 mg kwa kilo. Umerudi ulikotoka. Kwa kuwa hesabu hii inaanzia kwenye kitu ulichoshika, inakamata makosa ambayo kurudia kanuni ileile hakuyakamati.

Mwenzako akihakiki, asione jibu lako. Mpe agizo, uzito na kichupa, apige mwenyewe, kisha mlinganishe. Kumwonyesha bomba na kumuuliza "Sista, hii si sawa?" si kuhakiki, ataitikia. Najua usiku unaweza kuwa peke yako na vitanda arobaini. Basi angalau kwa vichanga, insulini, potasiamu, magnesiamu na heparini, mwite wa wodi jirani au tabibu wa zamu. Kwa dawa nyingine hesabu ya kurudi ndiyo mhakiki wako.

Insulini ivutwe kwa bomba la insulini tu. Ina uniti 100 kwa kila ml, hivyo uniti 10 ni 0.1 ml. Potasiamu kloraidi ya 15%, ampuli ya 10 ml, ina milimoli 20, na haisukumwi kwenye mshipa kamwe, kwa mgonjwa yeyote. Izimuliwe ndani ya chupa ya dripu, na chupa igeuzwe mara kadhaa ichanganyike kabla ya kutundikwa. Ampuli zake zisikae trei moja na maji ya sindano.

Kosa likitokea

Simamisha dawa kama bado inaingia. Mwangalie mgonjwa: pumzi, mapigo, fahamu, sukari kama ni insulini. Mwite daktari na umwambie kiasi halisi kilichoingia na saa. Andika kilichotolewa, si kilichokusudiwa. Mama wa mtoto aambiwe, na fomu ya tukio ijazwe siku hiyohiyo, maana ampuli mbili zinazofanana zitamnasa na muuguzi wa kesho.

Mazoezi

Yapige kwa karatasi, ukianza na makadirio.

1. Mtoto wa kilo 22, artesuneti kwenye mshipa.
2. Mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia, amoksilini 40 mg kwa kilo mara mbili kwa siku, vidonge vya 250 mg vya kuyeyusha.
3. Kichanga cha gramu 2800, benzailipenisilini uniti 50,000 kwa kilo kwenye msuli, kichupa cha uniti milioni 1.
4. 500 ml kwa saa 4, seti ya matone 20.

Majibu: (1) 52.8 mg, sawa na 5.3 ml, au 6 ml kwa chati inayopandisha. (2) 480 mg, unatoa vidonge 2 kila dozi. (3) Uniti 140,000, sawa na 0.28 ml baada ya kuyeyusha kwa 1.6 ml. (4) Matone 42 kwa dakika.